GPS ya gari haina laini ya simu, inajuaje nilipo?

Usukani:
Wakuu, salaam. Nina kile kifaa cha ramani cha kubandika kwenye kioo cha mbele. Hakina laini, hakina intaneti, na bado kinajua barabara niliyopo na mwendo wangu. Setilaiti inanionaje mimi mmoja katikati ya magari yote haya? Na kama inaniona, mbona gari likilala siku kadhaa kinazubaa kwanza ndipo kinipate? Halafu nikipita barabara ya chini iliyo sambamba na ya juu, chenyewe kinaniweka juu. Mwenye kujua anifafanulie, ila hesabu za chuo mniepushie.

FundiWaya:
Setilaiti haikuoni, mkuu. Haijui hata kama upo. Kazi yangu ni kufunga vifaa hivi kwenye magari, na anayeniuliza hili mara nyingi ni mtu anayeogopa kufuatiliwa. Kifaa chako kinasikiliza tu, kama redio inayopokea taarifa ya habari. Chenyewe hakirushi chochote kwenda angani. Wanaofuatilia magari hufunga kingine chenye laini ya simu ndani yake, na ni hiyo laini inayokusema, setilaiti haimo.

Setilaiti inatangaza saa, na inatangaza yenyewe iko wapi. Basi. Zile za GPS ya Marekani zinazidi 24, ziko kama kilomita 20,200 juu, na kila moja inaizunguka dunia takriban mara mbili kwa siku. Mawimbi yanakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo yanakufikia kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Kifaa kinaangalia yalitoka saa ngapi, yamefika saa ngapi, kinapata umbali. Kwa setilaiti moja unaweza kuwa popote kwenye tufe kubwa linaloizunguka. Ya pili inapunguza, ya tatu inabakiza nukta mbili, na moja ya hizo kwa kawaida iko mbali kabisa na uso wa dunia, inatupwa.

Wengi huishia hapo na kusema tatu zinatosha. Hazitoshi, na hapa ndipo utamu wenyewe ulipo. Setilaiti zina saa za atomiki. Kifaa chako kina saa ya bei ndogo, na ikipotoka kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unapotoka kwa mita 300. Sasa, kosa hilo ni lile lile kwa kila setilaiti, maana saa inayokosea ni moja, ya kwako. Ndiyo maana inahitajika ya nne: kifaa kinatafuta sahihisho moja la saa litakalozifanya hesabu zote nne zikutane mahali pamoja. Kikilipata, kimejua ulipo na kimejirekebisha saa papo hapo. Kila mara nikiwaza kwamba kidude cha kwenye dashibodi kinapata saa ya kiwango hicho bila kulipa, nacheka.

(Hata za atomiki hazijiendei tu. Kwa zile hesabu za Einstein, kule juu saa inakimbia kuliko ya chini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Isiporekebishwa, makosa yangejikusanya kwa kilomita kama 10 kwa siku.)

Kuzubaa: taarifa za mahali setilaiti ilipo zinatumwa kwa biti 50 kwa sekunde, mwendo wa konokono. Kuipata ya setilaiti moja kamili ni kama nusu dakika, na inafaa kwa saa chache tu. Gari likilala siku kadhaa, zote zimechakaa. Ukiondoka hapo hapo na kupita chini ya miti, mawimbi yanakatika na kifaa kinasubiri zirudiwe. Simama kidogo penye uwazi kwanza. Simu inawahi kwa sababu taarifa hizo inazivuta kwenye intaneti.

Mzigo_Mzito:
Mnamjaza maneno. Setilaiti ni za jeshi la Marekani na raia wanachanganywa makusudi, ndiyo maana inakosea barabara.

FundiWaya:
Ungesema hivyo kabla ya Mei 2000 ningekuunga mkono. Kweli walikuwa wanawapotosha raia kwa makusudi, kosa linafika mita 100 hivi. Rais Clinton akaamuru uzimwe mchezo huo. Siku hizi vifaa vingi vinasikiliza pia setilaiti za mifumo mingine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Barabara ya juu na ya chini ni suala la ramani. Penye uwazi kosa ni mita chache, na kifaa kinakusogeza kwenye barabara iliyo karibu. Kimo ndicho GPS inachokosea zaidi, na ramani nyingi hazikijali, kwa hiyo zikipishana juu na chini kinabahatisha. Mfumo uliokuja na gari unafanya vizuri zaidi, hasa kwenye handaki, kwa sababu unasoma mzunguko wa magurudumu na una jairoskopu ya kujua umekata kona. Cha kubandika, mawimbi yakipotea, mara nyingi kinaendelea kukusogeza kwa mwendo wa mwisho. Ukipunguza mwendo humo ndani, hakijui.

Kioo chako kina utandu wa madini wa kuzuia joto? Huo unakula mawimbi. Kisogeze mahali usipopakwa, au weka antena ya nje juu ya paa.

Usukani:
Shukrani sana fundi. Kioo ndicho hicho hicho, nitakihamisha. La mwisho: nikisimama kwenye taa, mshale unageuka geuka wenyewe. Ni ubovu?

FundiWaya:
Si ubovu. Antena moja inajua ulipo, haijui umeelekea wapi. Upande inaupata ukiwa unatembea. Ukisimama, zile mita chache za makosa zinayumba huku na huku, na kifaa kinadhani ni wewe.

Usukani:
Nimeelewa. Mada ifungwe.