Ukoo Wetu: Matembezi ya Jumamosi

Zuhura, 18:04
Ndugu zangu, Jumamosi tunapanda mlima na watoto. Nataka majina mawili leo: wa kuongoza mbele na wa kufunga nyuma. "Nipo" siitaki, semeni mnashika nini.

Hamisi, 18:06
Nashika kapu la chakula 😂

Zuhura, 18:07
Hamisi, nakuomba. Anayetembea taratibu kuliko wote anawekwa mbele, nyuma tu ya kiongozi. Na mkimsubiri mtu, msiondoke pale pale anapofika. Ninyi mmeshapumzika, yeye anahema.

Saumu, 18:31
Hilo mwambie Rajabu.

Rajabu, 18:33
Mambo ya mwaka ule bado tu?

Saumu, 18:33
Bado. Mguu ni wangu.

Hamisi, 18:34
Jamani, bandeji iletwe kikundini 😂😂

Zuhura, 18:40
Tusifike huko. Muda: tambarare kilomita 5 kwa saa, na kila mita 600 za kupanda ongezeni saa nzima. Hiyo ni ya mtu mzima mwenye pumzi, bila kusimama. Watoto watasimama kila kichuguu. Saa 7 mchana tunageuza, kilele tumekiona hatujakiona.

Chausiku, 20:12
Samahani, ndio natoka kazini. Filimbi?

Zuhura, 20:13
Kila mtoto na yake, shingoni, si kwenye begi. Ukipotea, milio 6 kwa dakika, unatulia dakika moja, unarudia.

Hamisi, 20:15
Wangu atapiga 600 kabla hajashuka garini

Babu, 20:40
Nimesoma yote. Rajabu utafunga nyuma. Hakuna wa kubaki nyuma yako, hata akifunga kamba ya kiatu. Na radi ikianza mnashuka, hakuna kujadiliana.

Hamisi, 20:41
Ujumbe huu umefutwa

Rajabu, 21:15
Shikamoo Babu. Nimesikia.

Zuhura, 21:17
Asante Babu. Radi ikimulika tunahesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, chini. Hakuna kujificha chini ya mti. Na hatupandi tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Saumu, 21:52
Mimi sijasema nakwenda.

Zuhura, 21:53
Nakupigia, dada. Mkoba wa huduma ya kwanza anabeba nani?

Zuhura, 22:30
Nimeuliza.

Mjomba Kassim, 06:10
Mmeamkaje? Jumamosi kuna nini?