Kugeuza sehemu ya gereji ya nyumbani kuwa ofisi: tuanzie wapi?

Mhasibu wa Lang'ata

Hamjambo wanajamvi. Tunaishi Lang'ata katika nyumba yetu wenyewe, na kwa kuwa siku hizi kazi yangu ya uhasibu naifanyia nyumbani, meza ya chakula imegeuka mahali pa faili zangu kugombania nafasi na vitabu vya watoto. Gereji yetu, ambayo imeshikana na jikoni, ilijengwa kwa magari mawili: upana wake ni mita 5.5 na urefu mita 6, ilhali gari letu ni moja. Ninafikiria kuigawa kwa urefu, gari libaki na mita 3, nami nipate chumba cha upana wa mita 2.4 hivi baada ya kutoa unene wa ukuta. Paa ni la mabati yasiyo na dari, na sakafu ni saruji tupu inayoinamia langoni.

Fundi aliyekuja kupima anapendekeza ukuta wa bodi za jipsamu unaofika juu kidogo ya mlango, kisha zulia, basi. Mume wangu anaona tunakimbilia mambo. Naomba mwongozo kuhusu ukuta, joto la mabati, na iwapo tunahitaji kibali cha kaunti.

Mjenzi wa Komarock

Dada, shemeji ana sababu ya kusita. Ukuta unaoishia juu ya mlango utakukinga usilione gari, lakini hautakukinga na hewa yake. Injini inayonguruma ndani ya gereji hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu aliyeketi mezani saa nzima anaweza kuivuta akidhani kichwa kinamuuma kwa sababu ya hesabu. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kupenya chini ya mlango. Ndiyo maana ukuta huo ni lazima upande hadi ukutane na mabati yenyewe, na yale mawimbi ya mabati juu ya ukuta yazibwe moja moja kwa saruji au povu la kuziba. Mlango wa kuingilia ofisini usiwe upande wa gari hata kidogo. Toboeni wa nje au pitieni jikoni.

Kabla ya yote hayo, chukueni ngazi na tochi mkague ukuta unaotenganisha gereji na jikoni. Katika nyumba nyingi za mitaa yetu ukuta huo huishia kwenye usawa wa dari ya jikoni, na juu yake nafasi ya paa ni moja kuanzia gereji hadi vyumba vya kulala. Ikiwa hali ni hiyo kwenu, hewa ya gari imekuwa ikiingia nyumbani miaka yote hii.

Kuhusu sakafu, zulia juu ya saruji tupu litaoza, kwa sababu zege la gereji mara nyingi humwagwa bila kizuizi cha unyevu chini yake. Tandazeni karatasi nzito ya nailoni, ipandishwe kidogo kwenye kuta, kisha mmwage zege jembamba la kusawazisha mwinamo. Upande wa langoni litakuwa nene kuliko upande wa ndani, nalo litaiinua ofisi juu ya sakafu ya gari, jambo ambalo litazuia pia maji ya masika yanayoingia kupitia langoni. Mimi ningejenga ukuta kwa mawe ya inchi 4, maana jiwe lililopigwa plasta halipitishi kitu.

Msanifu wa South B

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu hewa, ila kuhusu mawe sikubaliani naye. Ukuta wa mawe wa urefu wa mita 6 ni mzigo mkubwa kwa sakafu ambayo hatujui unene wake, na haukuwekewa msingi. Bodi mbili mbili za jipsamu kila upande wa fremu ya chuma, zikijazwa sufi ya kioo (nyuzi laini za kuzuia joto na kelele) katikati na viungo vyote vikizibwa sawasawa, zitazuia hewa na kelele vilevile. Tena siku mtakapotaka kuuza nyumba, mnunuzi mwenye magari mawili ataweza kuubomoa bila nyundo kubwa.

Mabati ndiyo shughuli hasa. Januari na Februari, kufikia saa saba mchana, chumba kilicho chini ya mabati matupu hakikaliki, na Julai asubuhi chumba hichohicho hukutuma kutafuta sweta. Wekeni karatasi ya fedha ya kuakisi joto chini ya mabati, muache nafasi ya hewa, kisha dari ya jipsamu yenye sufi juu yake. Sufi hiyo itakusaidia pia wakati wa mvua kubwa, maana mvua ikipiga mabati yasiyo na dari huwezi kumsikia mteja kwenye simu hata akipiga kelele.

Kwa dirisha, mafundi wengi hutumia kipimo cha sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba chako ni mita 2.4 kwa 6, yaani mita za mraba 14.4, kwa hiyo dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 linatosha kabisa, mradi lifunguke. Likielekea kaskazini au kusini ni bora, kwa sababu jua la jioni la magharibi litakupiga usoni au kwenye skrini.

Fundi Stima wa Umoja

Nitasema machache. Msivute ofisi nzima kwa waya wa ekstensheni kutoka jikoni. Tarakilishi na ruta hazili umeme mwingi, lakini hita ya wati 2,000 na birika la wati 2,000 vikiwashwa pamoja kwenye volti 240 vinavuta zaidi ya ampea 16, ilhali ekstensheni ya kawaida imewekewa kikomo cha ampea 13. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, awavutie laini mpya kutoka kwenye ubao mkuu, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, pamoja na swichi inayojikata umeme unapovuja.

Mkaazi wa South C

Kwa upande wa kaunti, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali kabla ya uendelezaji. Kwa kuwa mnatoboa dirisha la nje na kubadilisha kazi ya chumba, msichukulie kwamba ukuta wa ndani haumhusu mtu. Mwacheni msanifu aliyesajiliwa awasilishe michoro. Someni pia masharti ya hati yenu na ya chama cha wakaazi. Kufanya hesabu zako peke yako mezani ni jambo moja, lakini kibao kikishatundikwa langoni na wateja wakaanza kuegesha magari barabarani, hapo mmeingia kwenye leseni ya biashara na kubadilisha matumizi ya kiwanja, na majirani ndio watakaokuwa wa kwanza kulalamika.

Mhasibu wa Lang'ata

Ninawashukuru nyote. Wateja wangu hawaji nyumbani, kwa hiyo kibao hakitakuwepo. Tumepanda na tochi kama mlivyoshauri: ukuta wa jikoni umeishia kwenye dari kweli, na taa ya jikoni ikiwashwa mwanga unaonekana kutoka gereji kupitia ufa wa dari. Je, hilo linaweza kungoja hadi tukianza ofisi?

Mjenzi wa Komarock

Lisingoje, dada. Inueni ukuta huo hadi kwenye mabati wiki hii, na hadi kazi ikamilike gari lilale nje.