Niliambiwa DSLR inafanya kila kitu, sasa kamati ya harusi Tukuyu imegoma kunimalizia hela

Wakuu salamu, ila leo sina raha kabisa. Nina hasira na jamaa aliyeniuzia hii DSLR (kamera ya picha ya kubadilisha lenzi, inarekodi na video) Kariakoo na nina hasira na nyie mnaojiita maprofesheno mkimwona mtu na kamkoda, ile kamera ya video tupu, mnaanza kucheka.

Nipo Mbeya, Mwanjelwa, nashuti harusi, sendofu na vipaimara mwaka wa tisa huu. Kamkoda yangu ilikuwa haina sura ila haijawahi kuniangusha. Mara maharusi wakaanza zile za tunataka nyuma kufifie kama video za wasanii, wenzangu hapa mjini wakaniita mzee wa VHS (zile kaseti za video za zamani), basi nikaiuza, nikaongezea hela ya mahindi, nikapanda basi mpaka Dar. Nikamuuliza muuzaji kabisa, hii inarekodi muda gani? "Mpaka kadi ijae bosi wangu." Mpaka kadi ijae!

Jumamosi Tukuyu, ukumbini, MC anaanza utambulisho nikabonyeza rekodi, kamera ipo kwenye stendi, mi nikasogea nyuma kunywa soda, nakiri. Baba wa bibi harusi akapewa maiki atoe nasaha, mzee kaanza na Kiswahili akahamia Kinyakyusa, akina mama wanafuta machozi, narudi kwenye kamera nakuta kidoti chekundu hakipo. Kadi ya 64GB haijafika hata nusu. Imejizima kurekodi kwenye dakika 29 na sekunde 59, kimya kimya kama mwizi.

Fundi mmoja wa Iringa ndo kaja kunieleza, eti Ulaya kamera inayorekodi dakika 30 na kuendelea ilikuwa inahesabiwa kamera ya video na ushuru wake uko juu, watengenezaji wakaamua kuzifunga chini ya hapo. Yaani mzee wa watu Rungwe huku kakatwa nasaha zake kisa forodha ya Ulaya. Na hapo ni nafuu, ile Canon 5D Mark II ya 2008 iliyoleta huu ugonjwa wote faili likigonga 4GB inakata, kama dakika 12 tu.

Kanisani nako nilishadhalilika asubuhi. Nina lenzi ya 50mm haivuti, ili nipate pete ikabidi nisogee hadi miguuni kwa mchungaji, mzee wa kanisa akanivuta shati nyuma mbele ya watu wote. Na kamkoda ningekaa zangu pembeni nabonyeza zumu kwa kidole kimoja.

Sauti ndo usiseme. Zamani nilikuwa nachukua waya wa XLR, ule mnene wa maiki, kutoka kwenye mixa ya MC nachomeka moja kwa moja. Hii ina kitundu kidogo kama cha hedifoni, halafu watu wakinyamaza inajipandishia sauti yenyewe, unasikia shiiiii, mvua ya Tukuyu kwenye bati na mlio wa jenereta vyote vimo, viapo huvisikii.

Sisemi DSLR mbovu jamani msinirukie. Picha za maharusi kwenye mashamba ya chai zimetoka balaa, ile sensa yake (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ni ya fulu fremu, yaani 36 kwa 24mm, kamkoda yangu ilikuwa na kasensa kama punje ya mahindi, taa zikififia ukumbini picha inajaa chenga. Klipu ya kwaya, tangazo, video ya msanii ambaye mnaweza kurudia mara kumi, chukua DSLR. Ila baba mtu harudii nasaha.

Sasa kamati imeshikilia laki tatu yangu, bi harusi hapokei simu, mwenyekiti ananiambia "kijana, nasaha ziko wapi?"

Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi ya 50mm nauza, haina mkwaruzo. Mwenye kamkoda yenye matundu mawili ya XLR, Mbeya, Njombe hata Mafinga, anicheki nije nayo tubadilishane naongeza hela. Na wewe wa mpaka kadi ijae, najua upo humu unasoma.