Mkutano wa mapango Ulaya: niende mwaka huu au hela tununue vifaa?

KoloMawe
Mbukwenyi wakuu. Kikundi chetu kina watu 5, Kondoa na Dodoma mjini, kazi yetu ni kupima mapango na kuchora ramani. Kuna mkutano wa kimataifa wa watu wa mapango Ulaya, nchi ya Schengen (zile zenye viza moja ya pamoja), wiki moja mwezi wa nane. Kiingilio euro 280, kulala ni kwenye hema uwanjani kwao, safari za kuingia mapangoni zinalipiwa pembeni. Tumechanga milioni 7, inamtosha mtu mmoja. Kutuma muhtasari wa mada ya kuwasilisha mwisho ni Februari mwishoni. Mkononi tuna ramani 2 za mapango ya chokaa upande wa Tanga, pamoja na vipimo vya yale mapango mafupi ya granaiti huku kwetu. Wenzangu wawili wanasema hela ile tununue kamba na kipimo cha leza. Niende? Na kama naenda, nibebe nini?

Mpimaji_DOM
Mkuu, kabla ya hela tazama ramani zako kwanza. Kule mtu asiye na cha kuonyesha anageuka mtazamaji, atapiga picha na kurudi. Mwenye vipimo safi anakaa meza moja na wachoraji na anaondoka na watu wa kushirikiana nao miaka 10.

Sasa "safi" maana yake nini. Kipimo ambacho wengi wanakitambua ni daraja la 5 la BCRA, chama cha Waingereza cha utafiti wa mapango: pembe zisikosee zaidi ya nyuzi 1, umbali usomwe na kuandikwa hadi sentimita iliyo karibu, na kituo chenyewe (alama unayopimia) kisihame kufikia sentimita 10. Hapo pa mwisho ndipo wengi tunapoangukia. Leza inasoma vizuri, lakini anayelenga anapiga jiwe moja na anayefuata anasimamia jiwe la jirani. Weka tone la rangi ya kucha kwenye kituo, doa dogo kama punje ya mtama. Mapango yenye michoro ya Kolo usiguse hata kwa chaki, huko kituo kiwe jiwe dogo lililolala chini ambalo utaliondoa ukimaliza.

Kila mstari kati ya vituo viwili pima kwenda na kurudi. Tofauti ikizidi nyuzi 2, rudia palepale, usiseme utarekebisha nyumbani. Kama inazidi tena na tena, tafuta chuma: tochi ya kichwa iliyosogezwa karibu na dira, gambuti zenye chuma kidoleni, miwani. Ukiwa umevua vyote na bado inakataa, basi mwamba wenyewe una sumaku, na hilo huku kwenye granaiti lisikushangaze.

Halafu funga mizunguko. Ukirudi ulipoanzia, pengo lililobaki ligawe kwa urefu wote uliopima. Wengi wanakubali chini ya asilimia 2. Ikizidi, usimwage kosa kwenye mstari mzima kwa hesabu, maana mara nyingi ni kosa moja tu kubwa: mtu amesoma 147 akaandika 174, au pembe ya kushuka imeandikwa bila alama ya kutoa.

Survex na Therion ni programu za bure za vipimo na ramani za mapango, ingiza vipimo vyako humo. Alama za ramani tumia zile za UIS, umoja wa kimataifa wa elimu ya mapango, zilizokubaliwa 1999, ili Mjapani na Mbrazil wasome bila kukuuliza. Ramani zako 2 zikipita kwenye chujio hili kabla ya Februari, nenda. Zisipopita, sikushauri.

Na usiyadharau ya granaiti. Huku Dodoma hatuna chokaa ya maana ya kuyeyushwa na maji. Mapango yetu ni magamba ya mwamba yaliyobanduka na mawe makubwa yaliyoegemeana. Wenzetu Ulaya wengi wamezama kwenye chokaa, lakini UIS ina kamisheni nzima ya mapango yasiyo ya kuyeyuka, na hapo mada ya Tanzania ya kati haina msongamano. Muhtasari wako uwe huo, Tanga iwe mfano wa kulinganisha.

Makole88
Mimi niseme hela na viza, maana mipango mingi inafia hapo.

Euro piga kwa 3,000. Kiingilio 840,000. Viza ya Schengen euro 90, yaani 270,000, bado ada ya kituo kinachopokea maombi. Hema siku 8 kwa euro 12, kama 288,000. Chakula cha kujipikia euro 15 kwa siku, 360,000. Safari 3 za pangoni kwa euro 30 kila moja, 270,000. Umeshafika 2,028,000. Bima, nauli za ndani kule, na safari 2 za SGR kwenda Dar (moja kuweka alama za vidole, moja kufuata pasipoti) weka 500,000. Tiketi ya ndege na nguo zinabaki na karibu milioni 4 na nusu. Inatosha kwa kubana. Kama huna pasipoti ongeza 150,000.

Ombi la viza linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida ni siku 15 lakini wana haki ya kufika 45. Mkutano ukiwa mwezi wa nane, peleka mwezi wa nne au wa tano, maana nafasi za miadi kiangazi zinaisha.

Kosa kubwa la vikundi ni hili: michango yote inaingia kwenye akaunti ya msafiri kwa mkupuo wiki moja kabla. Afisa anaona akaunti iliyokuwa na laki 3 imelala na milioni 7, anajiuliza hela ni ya nani na itarudi lini. Hela ikae kwenye akaunti ya kikundi, kikundi kiandike barua ya udhamini, uambatishe muhtasari wa kikao kilichokuteua, cheti cha usajili na taarifa ya benki ya miezi 6. Barua ya likizo kutoka kwa mwajiri iseme tarehe unayorudi kazini.

Bima isipungue euro 30,000 na ifunike nchi zote za Schengen. Sasa soma ule ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Bima nyingi za bei nafuu zinapitishwa na ubalozi bila shida, lakini ndani wameandika kwamba kupanda kwa kamba na kuingia mapangoni hazimo. Ukivunjika mguu mita 80 chini, uokoaji ni wako mwenyewe.

Waandikie waandaaji sasa hivi maswali 3: barua ya mwaliko inatoka kabla au baada ya kulipa kiingilio? Viza ikikataliwa, mnarudisha kiasi gani? Kuna punguzo kwa wanaotoka nchi za kipato cha chini au wanaojitolea kazi jikoni na mapokezi? Hilo la tatu watu wanaona aibu kuuliza, kumbe mara nyingi lipo. Tiketi usinunue kabla ya viza, shika nafasi tu.

FundiKamba
Hapo kwenye safari 3 za pangoni pana mtego. Tangazo likiandika safari ya kamba, hawakufundishi kule. Unatakiwa upande, ushuke, ugeuze kutoka kupanda kwenda kushuka ukiwa unaning'inia, na uvuke pale kamba inapofungwa tena ukutani katikati ya shimo. Usipoweza, unawazuia watu 6 nyuma yako kwenye baridi.

Mwamba wa mita 10 unatosha kujifunzia, Dodoma hatuna uhaba wa mawe. Kamba iwe isiyovutika ya milimita 10 yenye alama ya EN 1891. Kamba za dukani za kufungia mizigo ni za mizigo. Granaiti inakula kamba kama msasa, kwa hiyo kila ukingo weka kipande cha turubai kilichokunjwa mara 3 na ukifunge, kisije kikateleza.

Wanaoanza wanakwama mahali pamoja. Kishikizo cha kujifunga pale kamba ilipofungwa ukutani ni kirefu mno, kwa hiyo ukijifunga na kukaa, uzito unabaki umening'inia mbali na mkono haufiki kukifungua. Kikishafungwa, kifike mwisho wa mkono ulionyooka, kisizidi. Kitanzi cha mguu nacho, ukisimama wima, kifaa cha kupandia cha mkononi kikae juu kidogo tu ya kile cha kifuani. Na usifanye mazoezi peke yako. Mtu akizimia au akichoka akabaki ananing'inia bila kusogea, damu inabaki miguuni na dakika chache tu zinaweza kumuua. Chini awepo mwenzako anayejua kukushusha.

Nguo: mapango mengi ya kule yanakaa nyuzi 8 hadi 10 mwaka mzima. Ukiingia na fulana ya pamba na jinzi kama tunavyoingia Amboni, ikilowa inakuganda mwilini. Vaa nguo za nailoni au sufu ndani, ovaroli juu, gambuti zisizo na chuma, na mianga 3 inayojitegemea.

SamadiYaPopo
Mimi nipo upande wa wale wawili. Kongamano kubwa la UIS huja kila miaka 4. La Ufaransa lilisogezwa hadi 2022 kwa sababu ya korona, la Belo Horizonte, Brazil, likafuata Julai 2025, kwa hiyo zamu nyingine ni 2029. Nunueni kamba na leza mwaka huu, pimeni, mwende wawili wakati huo. Kama kiu ni kujifunza, Postojna kule Slovenia kuna shule ya karsti (ardhi ya chokaa iliyoliwa na maji) kila mwaka mwezi Juni, ndogo, na unatembezwa na watafiti wenyewe.

Ukishikilia kwenda, usibebe gambuti na kamba zilizotoka kwenye mapango ya popo bila kuzisafisha. Virusi vya Marburg vinahusishwa na popo wa mapangoni wanaokula matunda. Kitum kwa jirani zetu Kenya watu waliugua 1980 na 1987, na Kagera tumepata milipuko 2023 na 2025. Waandaaji wataogopa na wana haki. Nao wana kuvu anayeua popo Marekani, aliyeonekana kwanza New York mwaka 2006. Ulaya yupo ingawa popo wa kule wanamhimili. Huyu hastawi kwenye joto linalozidi nyuzi 20, ndiyo maana mapango yetu hayampi nafasi, lakini utaratibu ni uleule kwenda na kurudi: piga brashi hadi tope liishe, kisha zamisha kwenye maji ya nyuzi 55 au zaidi kwa dakika 20. Pima kwa kipimajoto, mkono unadanganya. Kamba usiichemshe kupita anachoruhusu mtengenezaji.

Na sampuli za mawe acha nyumbani. Hata kipande cha stalaktiti ulichokikuta kimeanguka, uwanja wa ndege utaulizwa kibali, na mkutanoni watakutazama kama jangili.

KoloMawe
Asanteni sana. Nimefunga mizunguko jana: ramani moja imetoka asilimia 1.4, nyingine 3.9, narudi Tanga kuitafuta ilipokosewa. Uamuzi tumeufunga kwenye muhtasari wa mada: ukikubaliwa naenda, ukikataliwa tunanunua kamba. Swali la mwisho, waandaaji wanaruhusu mtu kuomba bango badala ya kuongea. Linachapwa wapi na linabebwaje?

Mpimaji_DOM
Bango ni zuri kuliko kuongea, utasimama nalo saa nzima na watu wanakuja wenyewe. Saizi ya kawaida ni A0, milimita 841 kwa 1189, lakini waulize limesimama au limelala, maana ubao wao unaweza kuwa mwembamba. Usichape kwenye fleksi ya matangazo, ikikunjwa inabaki na makovu. Omba kitambaa, kinakunjwa ndani ya begi kama kanga na ukikipiga pasi kwa nyuma kinanyooka. Maandishi madogo kabisa yasomeke ukisimama mita moja. Kwenye ramani weka kipimio cha mstari, usiandike 1:500 peke yake, kwa sababu mchapaji akipunguza kidogo ili litoshe, namba hiyo inakuwa uongo na mstari unabaki kweli. Na yale mapango ya michoro futa viwianishi vyote (namba za GPS) kabla hujatuma faili, acha jina la wilaya tu.