Mtoto wa Kondoa anataka kazi ya mikoko

Mwana_Haubi: Shikamooni wakubwa. Nasoma mazingira chuo hapa Dodoma, namalizia mwaka huu. Nimesoma habari za Dk. James Kairo, mtafiti wa mikoko wa Kenya. Ghuba ya Gazi mikoko ilikatwa kuwa kuni za viwandani hadi ikabaki tope tupu, naye akaanza kuirudisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpaka leo yumo. Nami natamani kazi ya hivyo, ila nyumbani wananiuliza mtu wa bara anafuata nini baharini. Nianzie wapi?

Mama_Ipagala: Marahaba mwanangu. Kabla ya kuhamia Dodoma nilikuwa delta ya Rufiji, basi sikiliza. Anza kwa kuzijua aina za mikoko kwa majina ya wenyeji. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapigwa na bahari. Nyuma yake aina inayoitwa mkoko hasa, halafu mkandaa, kule maji yanakofika kwa nadra. Nimeona watu wakichomeka mkoko mahali pa mlilana, wanapiga picha, wanaondoka. Mawimbi yanaukomba wote. Inaniuma hadi leo.

Mbegu ya mkoko usiivunje mtini ikiwa kijani tupu. Tazama shingoni, chini ya kikofia: pakiwa manjano, ukiigusa inaachia yenyewe. Ichomeke topeni ncha chini, isimame wima. Kitalu cha nini?

Na Kairo hakuishia kwenye kupanda. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko ya hekta 117, na fedha zinaingia kwenye maji na shule. Mvuvi anayechota maji bombani kwa sababu ya mikoko, nani atampa shoka?

Babu_wa_Kolo: Wakwenu wasikutishe. Sisi wa Kondoa tumeshaona ardhi iliyokufa ikifufuka. HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye makorongo. Ilituumiza sana, ng'ombe ndiye benki yetu. Lakini miti mingi iliyorudi hakuna aliyeipanda, ilichipua kwenye visiki.

Mama_Ipagala: Hata mikoko ni hivyo, babu. Maji yakipita vizuri, mbegu zinaletwa na bahari. Kijana, kwanza kagua mifereji kama imezibwa, ndipo ufikirie kupanda.

Mwana_Haubi: Asanteni sana. Mama, nikimaliza mitihani naomba uniunganishe na wazee wa kule deltani. Niko tayari kujitolea.

Mama_Ipagala: Nitumie ujumbe pembeni. Beba viatu vya kufunga, mizizi inachoma.