Manyoya ya Simba

Kikundi: UKOO WA BABU, CHIKONGOLA MTWARA
Jumanne

Da Somoe 07:12
Asalaam aleikum, habari za asubuhi ndugu wote. Naomba suala la manyoya ya mbwa wetu Simba tulimalize leo. Joto hili la Novemba na lile blanketi lake! Juzi nimemkuta kajikunja kwenye beseni la kufulia. Kila nyumba 5,000: chanuo la chuma, shampuu ya mbwa, dawa ya kupe. Jumamosi asubuhi tukutane kwa Babu.

Da Somoe 07:40
Naona kumi na tatu mmesoma.

Da Somoe 09:05
??

Hamisi 09:31
Dada unahangaika bure. Naazima mashine kwa kinyozi wangu wa Magomeni. Namba moja, dakika kumi, kwisha.

Abuu 09:33
Simba ananyolewa halafu sisi Yanga hatujapewa taarifa? 😂

Hamisi 09:33
😂😂😂

Shangazi Mwajuma 09:50
Huyo kinyozi wa Magomeni ndiye anawanyoa wajukuu zangu. Ole wako.

Da Somoe 09:58
HANYOLEWI. Manyoya yake yana safu mbili. Ya ndani laini kama pamba, ya juu magumu ndiyo mwavuli wake. Ukinyoa, ngozi inabaki juani, na yakiota tena yanaweza kuja mabakamabaka. Kinachomtesa ni yaliyokufa yakagandamana humo ndani. Hayo yanachanwa yatoke.

Abuu 10:02
Mbwa ana fulana ya ndani, mimi sina

Hamisi 10:15
Lakini jemani shepadi wa Ligula wote ninaowaona ni manyoya mafupi. Wetu kama kondoo wa Idi. Kaka Saidi atueleze alimtoa wapi.

Shangazi Mwajuma 10:21
Atueleze na laki tatu.

Shangazi Mwajuma 10:22
_Ujumbe huu umefutwa_

Da Somoe 10:24
Shangazi tafadhali. Tunaongelea chanuo.

Kaka Saidi 13:48
Kumbe bado liko vifuani. Mama yake na baba yake niliwaona kwa macho yangu, wote wawili manyoya mafupi.

Hamisi 13:49
Ndo hapo sasa! Mafupi kwa mafupi, haya marefu yametoka wapi?

Abuu 13:50
Kwa jirani 😂😂

Rehema SUA 15:20
Samahanini, nilikuwa darasani huku Chuo Kikuu cha Kilimo. Shikamooni wakubwa. Hamisi, inawezekana kabisa. Manyoya marefu hujificha kwenye damu. Baba anayabeba, mama anayabeba, wote wanaonekana wa manyoya mafupi. Mtoto akiyapata kwa pande zote mbili ndiyo anatoka kama Simba. Zamani wenye manyoya marefu walikataliwa kwenye mashindano, ila kanuni ya kimataifa ya 2010 inawakubali, mradi yale ya ndani yawepo. Si dalili ya uchotara. Kaka hakuibiwa.

Shangazi Mwajuma 15:26
Sikusema aliibiwa. Nimesema laki tatu.

Rehema SUA 15:31
Mimi nipo kwenye manyoya tu Shangazi 🙏
Achanwe mara tatu nne kwa wiki. Nyuma ya masikio, mapajani na mkiani ndipo panapofunga vifundo, na kupe hujificha humohumo. Asiogeshwe kila wiki, na sabuni ya unga hapana. Mkimpeleka baharini Shangani asuuzwe kwa maji ya bomba, chumvi isimkaukie.

Da Somoe 15:40
Mmemsikia mtaalamu. Sasa Jumamosi nani atamshika?

Da Somoe 16:55
Jamani.

Hamisi 17:02
Mimi nina udhu muda wote 😇

Abuu 17:03
Kunawa mara saba na mchanga juu, Jumamosi yote imeisha

Da Somoe 17:10
Basi Shemeji Yusto. Yeye hana shida.

Babu 18:52
Mimi ni Nasra naandika kwa simu ya Babu. Anasema niandike kama anavyotamka.
"Yusto hana shida, maneno hayo nayasikia tangu enzi za yule mbwa Tomi. Tomi alipokufa kwa kupe, Yusto alichimba peke yake na mvua inanyesha. Nyinyi mlikuwa barazani kwangu mnakunywa chai. Huyu mbwa ndiye aliyebweka usiku ule wa korosho. Hanyolewi. Na Yusto haagizwi, anaombwa."
Amemaliza. Anakwenda kuswali.

Da Somoe 19:34
Tumesikia Babu. Shemeji Yusto, tunakuomba.

Kaka Saidi 19:41
Nimetuma 10,000.

Shemeji Yusto 22:56
Shikamoo Babu. Nimeona. Jumamosi nina zamu bandarini.

Da Somoe 22:57
Jumapili je?

Shemeji Yusto 23:10
Mpaka saa saba niko kanisani. Tutaona.

Da Somoe 23:12
Sawa shemeji. Chanuo nanunua kesho. Imefika 25,000, nyumba nne bado, na mnajijua.

Hamisi 23:15
Mashine nilishaiazima lakini