Stesheni ya zamani magharibi ya Kaliua: tutaitambuaje?

Mwana wa Urambo:
Ndugu zangu, salamu. Wazee wa ukoo wetu husimulia kwamba magharibi ya Kaliua palikuwa na stesheni ndogo ya kijiji, iliyofanya kazi muda mfupi tu wakati reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilipokuwa ikisogezwa kuelekea Kigoma, ambako ilifika mwaka 1914. Sasa hapana jengo, ila vichaka na miembe mikubwa. Nataka kuwapeleka vijana wa shule kiangazi hiki. Ni alama zipi zitakazotuthibitishia mahali penyewe?

Fundi Reli:
Ndugu yangu, miembe usiitegemee, kwa sababu njia ya misafara ya Tabora hadi Ujiji ilitangulia reli kwa miaka mingi, na wapitaji wake waliacha miembe sehemu nyingi. Angalieni ardhi. Treni zilipopishana palihitajika njia ya pili kando ya ile kuu, kwa hiyo tuta lilipanuliwa na kusawazishwa, na upana huo huonekana hata baada ya reli ya njia hiyo ya pili kung'olewa. Kisha tafuteni maji: injini za mvuke zilihitaji maji mara kwa mara, hivyo msingi wa tangi karibu na kijito ni ushahidi mzito kuliko hadithi. Kuhusu kudumu kwake kwa muda mfupi, sishangai hata kidogo. Mahali reli ilipoishia kwa muda ndipo mizigo yote iliposhushwa. Reli ikisonga mbele, kazi nayo huhama.

Binti Ujiji:
Nakubaliana na Fundi. Mkikuta kipande cha reli, panguseni kutu ubavuni, kwani mara nyingi pameandikwa jina la kiwanda na mwaka. Lakini huo ni mwaka wa kutengenezwa reli, na vipande huhamishwa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Pigeni picha, mkiache hapo hapo, maana kikiondolewa ushahidi umekwenda. Treni bado zinapita njia hiyo, kwa hiyo mwoneni kwanza stesheni masta, na vijana wasitembee juu ya mataruma, yaani magogo yanayobeba reli. La muhimu kuliko yote, waombeni wazee wawili wawaonyeshe mahali hapo, kila mmoja kwa wakati wake, bila mmoja kumsikia mwenzake.

Mwana wa Urambo:
Nawashukuru sana. Nitaanza na wazee, kisha stesheni masta, na picha za tuta nitazileta hapa.